Umri wa Olduvai haupimwi kwa kaboni

Ndugu Mhariri,

Bado tunasoma magazetini kwamba umri wa fuvu la Zinjanthropus (kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu), au wa zana za mawe za Olduvai, bonde la kaskazini mwa Tanzania, “ulipimwa kwa kaboni”. Haiwezekani. Kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi inayotumika katika kipimo hicho, hupungua kwa nusu kila miaka 5,730, na baada ya miaka 50,000 hivi inayosalia ni haba mno kupimika. Fuvu hilo, lililogunduliwa na Mary Leakey Julai 1959, lina miaka takribani milioni 1.84.

Kinachopimwa ni majivu ya volkano yaliyolala chini na juu ya fuvu. Ndani yake mna fuwele za madini ya feldspa zenye potasiamu-40, aina ya potasiamu yenye mionzi, ambayo hupungua kwa nusu kila miaka bilioni 1.25, karibu asilimia 11 ya ile inayogeuka huwa gesi ya agoni-40. Volkano inapolipuka gesi ya zamani hutoroka kwa joto. Fuwele ikipoa, gesi inayozaliwa baadaye hunaswa ndani yake. Uwiano wa agoni kwa potasiamu ukiingizwa kwenye hesabu ya logi, miaka inapatikana. Kwa miaka milioni 1.8 ni atomu 1 tu ya agoni kwa kila atomu 10,000 hivi za potasiamu-40, kwa hiyo uzembe mdogo huharibu jibu zima.

Hewa nayo ina agoni. Basi hupimwa agoni-36, aina nyingine ya agoni iliyomo hewani, huzidishwa kwa 298.6 (uwiano wa agoni-40 kwa agoni-36 hewani), na zao hutolewa kwenye jumla ya agoni-40. Fuwele iliyooza kwa maji huvujisha gesi, umri ukatoka mdogo. Tatizo kubwa zaidi ni fuwele za miamba mikongwe zilizochanganyika na majivu: zamani fungu zima liliyeyushwa pamoja, na punje chache za kale zikapandisha wastani. Siku hizi punje hupitishwa kwanza kwenye kinu cha nyuklia ili sehemu ya potasiamu-39, potasiamu ya kawaida, igeuke agoni-39, inayoonyesha kiasi cha potasiamu katika punje, kisha leza huziyeyusha mojamoja, na za kale hubainika.

Zana iliyotiwa mfukoni hupoteza umri wake, maana haijulikani tena ililala kati ya majivu yapi. Tunawaomba walimu na waongoza watalii: iacheni palepale, wekeni kalamu kando yake, pigeni picha inayoonyesha na matabaka ya ukuta, kisha toeni taarifa kwa wahusika wa mambo ya kale. Hata zilizoporomoka mtelemkoni msizioshe. Udongo ulioganda kwenye nyufa zake ndio humwonyesha mtaalamu tabaka zilikotoka.

Wasomaji wenu,
Arusha