Mama Hamisi, usimwache mtoto ajitoe

Shoga yangu Mama Hamisi,

Assalaam aleikum. Hujambo, watoto hawajambo, na huko Minnesota theluji imeshawafunika au bado? Huku Ohio tuko salama, ila zamu za usiku zinatumaliza. Najua utasema huyu kapotea tangu harusi ya kwa Bi Mwanaidi, hilo tutagombania siku nyingine. Leo nimeandika badala ya kutuma voisi maana voisi zangu unasikiliza nusu unaenda kugeuza chapati, na hili nataka ulisome lote mpaka mwisho.

Ni habari ya Hamisi. Rehema binti yangu kaniambia, wao si wanachati usiku kucha, eti Hamisi kakifuta kile chuo cha Massachusetts kwenye orodha yake, na aliyemwambia afute ni wewe. Mmefungua websaiti mkaona dola 90,000 na ushee kwa mwaka, ukasema sisi siyo watu wa huko. Mama Hamisi jamani! Mtoto ana maksi zile, walimu wanamgombania, afu anajitoa kwa sababu ya namba ambayo nyie hamtakuja kuilipa hata siku moja?

Ngoja nikueleze maana haya mambo yamenipitia kichwani mwaka jana na Rehema mpaka nikawa naota fomu. Ile 90,000 ni kama bei ya kanga anayotajiwa mtalii. Yupo anayeilipa yote, mwenye hela zake, wala hatumuonei wivu. Lakini familia kama zetu chuo kinaangalia kwanza mnaingiza shilingi ngapi, kinakata hapo, ndo unaambiwa bei yako. Na vile vyuo vyenye akiba kubwa vinavyosema vinamalizia mahitaji yote ya mwanafunzi, hivyo ndo vinakata sana. Princeton kuanzia mwaka wa masomo wa 2025-26 wamesema familia nyingi zenye kipato mpaka 150,000 hazilipi kitu, siyo ada tu, mpaka chumba na chakula. Harvard chini ya 100,000 hulipi, na mpaka 200,000 ada unasamehewa. MIT nao hivyohivyo, 100,000 na 200,000. Sisemi Hamisi aende huko, kuingia huko ni kazi nyingine, nataka tu uone kwamba bei ya juu kabisa na bei ya bure zinaweza kuwa chuo kimoja, mlango mmoja, inategemea nani kaingia.

Sasa nikupe ya kwangu. Sisi wawili kwa mwaka tulikuwa tunaingiza kama 78,000. Rehema alipata majibu matatu. Chuo cha binafsi, gharama 87,000, wakampa ruzuku 78,500, tukabaki na 8,500. Chuo cha serikali hapahapa jimboni, gharama 31,000, ruzuku 10,000, tunabaki na 21,000. Na kile cha serikali cha jimbo la jirani ambacho mume wangu alikuwa anakishabikia kwa sababu ya mpira, gharama 52,000. Hapo ndo nilitaka kupiga mtu. Barua imekuja nzuri, ina rangi, inaanza na HONGERA, chini wameandika jumla ya msaada wako ni dola 52,000. Baba Rehema akaanza kushangilia sebuleni. Nikamwambia hebu lete miwani. Mstari wa kwanza skolashipu 9,000, sawa. Wa pili mkopo wa mwanafunzi 5,500. Wa tatu, 37,500, Parent PLUS. Mwenzangu, hiyo ni mkopo wa mzazi! Yaani deni langu mimi, lenye riba, wameliweka humohumo kwenye jumla ya msaada wakanipongeza. Wewe ambaye hata kadi ya benki ya mkopo hutaki kwa sababu ya riba, ungezimia. Na hiyo mikopo ya wazazi kuanzia Julai 2026 serikali imeiwekea kikomo, 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto kwa jumla, kwa hiyo hata wanaotaka kujitosa hawataweza kujitosa kote.

Unaona lakini? Chuo cha 87,000 ndo kilikuwa rahisi kuliko vyote. Mimi ningefuata bei ya kwenye websaiti ningekifuta cha kwanza, kama ulivyofanya wewe.

Kwa hiyo kabla hujamalizia kusoma barua hii, mwambie Hamisi arudishe kile chuo. Basi. Afu mkae mjaze kalkuleta. Kila chuo kinachopokea hela za serikali kuu lazima kiwe nayo kwenye websaiti yake, ni sheria tangu 2011, wao wanaiita net price calculator, andika hivyo pamoja na jina la chuo utaiona, wengine wameificha huko chini kabisa. Unajaza mapato, kodi, mko wangapi nyumbani, inakupa makadirio ya utakacholipa wewe. Haikulazimishi kitu. Na ukitaka kuona familia nyingine zinalipa ngapi, nenda College Scorecard, websaiti ya serikali ya kulinganisha vyuo, wamegawa kwa mafungu ya kipato, chini ya 30,000, mpaka 48,000, mpaka 75,000, mpaka 110,000, na kuendelea. Tafuta fungu lako usome mstari wako, ya wengine achana nayo.

Ila kuna kitu kwako kinanisumbua, ndo maana nimeshindwa kulala. FAFSA, ile fomu ya serikali kuu ya kuombea msaada wa hela za chuo, ya mwaka wa masomo wa 2026-27 inaangalia kodi ya 2024. Wewe 2024 ndo ule mwaka ulikuwa unapiga dabo shifti mpaka Idi ulikuwa kazini, tukakutukana wote kwenye grupu. Uliniambia kodi ilisoma 96,000 kama sijakosea. Sasa hivi wamekukata masaa unaingiza labda 58,000. FAFSA hailijui hilo! Inaona mama wa 96,000. Na hapo kwenu Minnesota kuna ile North Star Promise, msaada wa jimbo, kipato kikiwa chini ya 80,000 ada ya chuo cha serikali inamaliziwa yote, ikizidi hupati. Yaani ovataimu yako, mgongo wako ule, imekuvusha mstari. Hasira zimenipanda mimi siyo wewe.

Lakini siyo mwisho. Usidanganye kwenye fomu, jaza 2024 vilevile ilivyo, ikishatumwa ndo unaandikia ofisi ya misaada ya fedha ya kila chuo, unawaambia kipato kimeshuka, unaambatanisha barua ya kazini na karatasi za mshahara za miezi hii. Wana ruhusa kisheria kurekebisha, kila mtu na kesi yake. Hawakuambii mpaka uombe. Mama Sada aliomba wakamrekebishia, muulize akupe namna alivyoandika. Na hapohapo waulize habari ya hiyo North Star.

Kingine, hela ya nyumbani. Hii ndo inanichoma. Kila mwezi wewe unatuma ya dawa za bibi, ada za watoto wa marehemu kaka yako, bati za nyumba, na FAFSA haina hata kisanduku kimoja cha kuandika hayo. Kwao wao mama aliyeko Tanga hayupo, kwa sababu halali chini ya paa lako. Wanakuona una hela ambayo ilishaondoka siku ileile ya mshahara. Ile fomu nyingine, CSS Profile, ambayo vyuo vingi vya binafsi vinaitaka, ina sehemu ya kuelezea hali yako kwa maneno. Andika. Weka na risiti za kutuma hela ukiwa nazo. Siyo kila chuo kitajali, ila wapo watu wanaosoma, mimi niliandika habari za mama mkwe na yule dada wa ofisini akanipigia kuuliza, tukaongea vizuri tu.

Na Baba Hamisi. Najua hutaki kusikia jina lake, vumilia dakika moja. FAFSA kwa walioachana inamtaka mzazi mmoja tu, yule anayetoa hela nyingi zaidi za kumtunza mtoto, hapo ni wewe bila ubishi. Lakini CSS, vyuo vingi vinamtaka na mzazi wa pili naye ajaze ya kwake. Huyo bwana ana lori na kampuni siku hizi, kipato chake kinaweza kuipandisha bei ya mtoto hata kama hatoi senti, na kusema mimi silipi hawakubali kama sababu. Kwa hiyo ile kalkuleta kwenye hali yenu inaweza kusema namba nzuri kuliko itakayokuja. Hili ndo la kuogopa, siyo ile 90,000. Angalieni kila chuo kwanza kama kinataka fomu ya baba au hakitaki, wapo wasiotaka. Na kama kinataka, Hamisi ampigie mwenyewe, wewe usipige, mtaanza mambo ya 2019.

Shemeji Kombo nasikia kakushauri uhamishie akiba yako kwenye akaunti ya Hamisi eti uonekane huna. Mwambie arudi kwenye bodaboda zake. Hela ikiwa ya mtoto wanahesabu asilimia 20 iende chuo, ikiwa ya mzazi haifiki hata asilimia 6. Hela ya kustaafu iliyoko kwenye mfuko wa kazini hawaihesabu, na nyumba unayoishi FAFSA haiulizi, ingawa CSS inauliza. Kazi ya Hamisi pale dukani pia isikutie presha, mwanafunzi ana kama 11,000 na ushee hawamgusi, wanachukua nusu ya inayozidi hapo, na yeye hafiki huko na vile anavyochelewa kuamka.

Wanaoumia kweli mjini hapa ni wa kipato cha katikati juu, kina Mama Lulu, wawili manesi, 180,000 kwenye karatasi, nyumba ya mkopo, gari mbili za mkopo, watoto wawili chuo kwa pamoja. Zamani ukiwa na wawili chuo wanakugawia mzigo, FAFSA ikaondoa hiyo kuanzia 2024. Wao wanaambiwa mna uwezo. Wewe uko upande ambao mlango bado uko wazi, na ndo wewe unayeufunga mwenyewe, nashindwa hata... basi tuache.

Tarehe shoga, tarehe. Vyuo vingi mwisho wa kuomba ni mwanzoni mwa Januari, na fomu za hela kila chuo kina siku yake, zingine zinakuja hukohuko Januari na Februari. Ada ya kuomba isikuzuie, Hamisi amuulize mshauri wake wa shule kuhusu kusamehewa, wanasamehe watoto wengi.

Haya nijibu. Kodi ya 2024 ilisoma 96,000 au nimechanganya na ya Mama Sada? Barua ya kukatwa masaa unayo au walikwambia kwa mdomo tu? FAFSA umeshaigusa au akaunti bado hujafungua? Hicho chuo cha Massachusetts kinataka fomu ya baba? Na Hamisi mwenyewe anasemaje, alikifuta kwa moyo wake au alikuona wewe umenuna akaona amalize kesi? Jumamosi baada ya adhuhuri niko ofu, nipigie na video mfungue kompyuta tujaze wote, Rehema atakuwepo, yeye ndo anajua kubonyeza. Ila mtafute kwanza kile kikaratasi cha W-2, cha kazini kinachoonyesha mshahara na kodi ya mwaka, usije ukaanza kukitafuta tukiwa hewani kama mwaka ule wa pasipoti.

Msalimie bibi ukipiga nyumbani.

Mimi mwenzio,
Mama Rehema