Jua linawaka, mbona safari imeahirishwa?

Kila Aprili simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Kaka, nimechungulia dirishani, jua linawaka, mbona umeahirisha safari ya kuvua?" Mteja ana haki ya kununa. Ameomba ruhusa kazini, watoto wameshaandaa kofia, halafu Ijumaa jioni anaambiwa mto haufai.

Tunavua mto Potomac, ndani ya Washington kabisa, mji mkuu wa Marekani, kile kipande cha kati ya Fletcher's Cove na Chain Bridge. Mvua inayotuharibia safari mara nyingi hainyeshi hapo. Mpaka kufika Little Falls, maporomoko yaliyo juu kidogo ya Chain Bridge, mto huu umeshakusanya maji ya eneo la karibu kilomita za mraba 30,000, kuanzia milima ya West Virginia. Ikinyesha sana Cumberland, mji ulio mbali huko juu mtoni, au kwenye bonde la Shenandoah, mto unaoingia Potomac pale Harpers Ferry, wewe mjini unaanika nguo. Maji hayo huja kutufikia siku kadhaa baadaye, Jumamosi na jua lake, yana rangi ya chai ya maziwa na yanabeba magogo.

Ndiyo maana sitazami mawingu. Natazama kipimo cha kimo cha maji pale Little Falls, ambacho mtu yeyote anaweza kukisoma kwenye intaneti. Chini ya futi 4, twende. Kati ya 4 na 5 tunavulia ukingoni, mashua zinabaki zimefungwa. Ikipita 5, hata ukingoni sikupeleki. Hiyo ni mipaka yangu, wengine wana yao, na sijawahi kuijutia.

Lipo na suala la baridi. Mwanzoni mwa Aprili maji huwa kwenye nyuzi 10 hivi za Selsiasi. Mtu aliyekulia kuogelea Tanga au Mombasa hudhani maji ni maji. Haya yanakukata pumzi papo hapo, na mikono inakufa ganzi kabla hujashika ukingo. Jaketi la kujiokolea unalivaa tangu gatini, usilikalie kama mto wa kiti.

Watu wa pwani watafurahi kujua kwamba bahari inafika mpaka hapa: maji hujaa na kupwa hadi chini ya Little Falls, tofauti ya karibu mita moja. Ila mto ukishashiba mvua za milimani, kujaa na kupwa hukuoni tena. Ni mteremko mtupu.

Samaki tunayemfuata ni shad, jamaa wa dagaa-papa, ila huyu anaweza kufika nusu mita. Maisha yake ni Atlantiki, na majira ya machipuko hupanda mtoni kutaga. Maji yakigonga nyuzi 13 au 14 ndipo anapochangamka. Akiwa safarini hana hamu kubwa ya kula, kwa hiyo minyoo haikusaidii. Tunatumia ndoana ndogo yenye kichwa kizito, nyekundu kwa nyeupe, na inabidi aione. Kabla ya kufungua mashua huwa naishusha majini mkono ukiwa umekunjuka. Ikipotea machoni kabla maji hayajanifika kiwiko, siku hiyo utarusha mshipi mpaka bega liume. Na akishika, usivute kwa nguvu. Mdomo wake ni laini, unachanika, anaondoka.

Shad harudi nyumbani na wewe. Zamani walivuliwa kwa wingi ajabu, hata George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alikuwa na nyavu zake pale shambani kwake Mount Vernon, baadaye wakapungua mno. Sheria ya jiji inataka arudishwe majini, na mimi sina ubishi nayo. Leseni ya uvuvi ya Washington inahitajika kuanzia miaka 16. Ikate mwenyewe kabla ya kuja.

Uamuzi wa Jumamosi naufanya Ijumaa saa kumi na mbili jioni, nikishasoma kipimo. Nikiahirisha mimi, unachagua siku nyingine au pesa yako inarudi yote. Ukiahirisha wewe Jumamosi asubuhi kwa sababu umelala, hapo tutaongea.

Na wale wanaoniuliza kila mwaka kuhusu samaki wa kula: kambare wa bluu yupo tele, ni mgeni mharibifu na kumtoa mtoni ni msaada. Chukua wadogo, wakubwa hulimbikiza sumu nyingi zaidi mwilini, na soma kwanza ushauri wa afya wa jiji. Hiyo ni safari nyingine, ya Mei, na ndoo uje nayo.