Waya wa USB pekee hautoshi kurekodi kinanda

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme na wapiga vinanda, maprodyuza wa studio ndogo, viongozi wa kwaya na wauza vyombo vya muziki wa Kariakoo. Kuna jambo moja linaloharibu kazi nyingi nzuri hapa jijini, nalo linarekebishika kwa nyaya mbili na maelezo ya dakika tano.

Mteja ananunua kinanda au sintesaiza. Anapewa na waya wa USB, ule wenye kichwa cha mraba kama wa printa, anaambiwa huo ndio wa kurekodia. Akifika nyumbani anauchomeka kwenye laptop, anafungua programu ya kurekodi kama FL Studio au Cubase, anapiga, na kinachotoka si sauti aliyoinunua. Ama kimya, ama piano ya kompyuta. Hapo ndipo huambiwa kinanda ni kibovu, akakirudisha dukani au akakiuza kwa hasara. Kinanda kizima kabisa.

Kwenye vinanda vingi waya ule hupitisha MIDI tu, na MIDI ni maagizo, si sauti. Mfumo huu ulianza kutumika mwaka 1983, na hadi leo kazi yake ni ile ile: kusema noti ipi imebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani kati ya 1 na 127, imeachiwa lini, pedali iko chini au juu. Kompyuta ikiambiwa "noti namba 64, nguvu 90" haijui kama mpigaji alikuwa amechagua filimbi, ogani au vinubi. Inaipa kazi ala yoyote iliyofunguliwa ndani ya programu. Kama hakuna ala iliyofunguliwa, hakuna sauti.

Taarabu ndiko hasara hii inakoonekana wazi zaidi. Mpigaji anayetaka ladha ya Kiarabu huingia kwenye Scale Tune ya kinanda chake, sehemu ya kurekebisha kimo cha noti moja moja, akashusha noti ya E kwa senti 50, yaani robo toni. Anapiga, spika za kinanda zinalia vizuri, kila aliyepo anaridhika. Lakini kinachosafiri kwenye waya ni namba 64 ile ile, kwa sababu ule ushushaji umebaki ndani ya kinanda. Ala ya kompyuta inapiga E ya kawaida, na ladha yote imepotea. Prodyuza asiyejua anamlaumu mpigaji kwamba leo hakupiga kama jana. Hali kadhalika kile kigurudumu cha kuvuta sauti: kinanda kimepangwa kuvuta toni moja, ala ya kompyuta imepangwa kuvuta oktava nzima, basi mvuto mdogo unageuka king'ora.

Ushauri wetu ni kurekodi vyote viwili katika upigaji ule ule: MIDI kwenye traki yake, na sauti halisi ya kinanda kwenye traki nyingine. Noti ikikosewa, unairekebisha kwenye MIDI, unaituma irudi kwenye kinanda, kinanda chenyewe kinapiga upya na sauti inarekodiwa tena. Anayetumia FL Studio ajue kwamba toleo la Fruity halimpi traki za kurekodi sauti. Aanzie toleo la Producer.

Kwa upande wa sauti zinahitajika nyaya mbili za jeki kubwa ya milimita 6.35, aina ya mono. Itambue kwa mstari mmoja mweusi kwenye kichwa cha jeki. Ya stereo ina miwili. Moja itoke tundu la L/MONO, nyingine tundu la R, ziingie namba 1 na 2 za saundi kadi, yaani kile kisanduku kinachoingiza sauti kwenye kompyuta. Kitufe cha kila tundu kikae kwenye Line, si Inst, maana Inst ni kwa gitaa la umeme na kinanda kitapasua sauti mapema. Ndani ya programu chagua ingizo la stereo 1 na 2. Ukiwa na waya mmoja tu, uchomeke kwenye L/MONO. Hapo kinanda huunganisha pande zote mbili chenyewe. Ukiuchomeka kwenye R peke yake unapata nusu ya kinanda.

Vinanda vidogo vingi havina L na R, vina tundu la hedifoni tu, na hapa ndipo kosa baya kuliko yote hufanyika. Mtu anachukua waya wa stereo, anautoa kwenye hedifoni, anauingiza moja kwa moja kwenye tundu moja la saundi kadi. Tundu lile limetengenezwa kupokea ishara mbili na kutoa moja kwenye nyingine, ili kelele iliyoingia njiani ijifute. Sasa limeletewa kushoto na kulia, na linafanya kazi yake vilevile: kila kilichokuwa sawa pande zote mbili kinafutika. Besi inatoweka, ngoma ya kiki inatoweka, kinabaki kimwangwi chembamba kinachosikika kama kiko chumba cha pili. Hakuna programu itakayorudisha kilichofutwa. Dawa yake ni waya wa Y wenye jeki moja ya stereo upande wa kinanda na jeki mbili za mono upande wa saundi kadi.

Tundu la maikrofoni la laptop si mbadala. Kwa kawaida ni la mono, na limepangwa kupokea ishara ndogo sana ya maikrofoni, kwa hiyo kinanda kikiingia pale kinasikika kama spika iliyochanika. Ukikipunguza sauti hadi kiache kuchanika, unabaki na mvumo wa laptop yenyewe.

Sauti ya kinanda iwekwe robo tatu, halafu kiwango kipandishwe kwenye saundi kadi hadi sehemu yenye kishindo kikubwa ifike kati ya desibeli -12 na -6 kwenye mita ya programu. Rekodi kwa biti 24. Wengi hukipunguza kinanda hadi robo wakiogopa kupasua, halafu wanaongeza kwenye kompyuta, na wakiongeza sauti wanaongeza na mvumo wake. Kupita sifuri ndiko kwa kuogopwa, maana kilichokatwa kileleni hakirudi.

Baadhi ya vinanda vya karibuni, kwa mfano Yamaha PSR-E373, hupitisha sauti pia kwenye waya ule ule wa USB. Kijitabu chake kitaandika USB Audio au Audio Interface. Kikisema USB MIDI peke yake, usitegemee sauti. Vyenye uwezo huo kwenye Windows vinahitaji draiva ya kampuni, na mradi wako upangwe kwa kiwango kile kile cha sampuli (vipimo vya sauti kwa sekunde) cha kinanda, ambacho kwa hicho tulichokitaja ni 44.1 kHz. Angalia pia kwamba kwenye Windows programu nyingi hutumia draiva moja tu ya ASIO, ile ya kupitisha sauti haraka, kwa wakati mmoja. Ukichagua ya kinanda, saundi kadi inanyamaza na maikrofoni ya mwimbaji nayo. Hiyo si hitilafu. Rekodi kinanda kwanza, kisha rudisha draiva ya saundi kadi urekodi waimbaji.

Sasa kuchelewa. Mpigaji anabonyeza, sauti inakuja baadaye, na kwenye singeli hakuna nafasi ya kuvumilia hilo. Wimbo ukienda kwa kasi ya mipigo 300 kwa dakika, mpigo mmoja una milisekunde 200 na robo ya mpigo ni 50. Bafa, yaani fungu la sampuli ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulishughulikia, ikiwa 1024 kwenye 48 kHz ni milisekunde 21 kuingia na 21 nyingine kutoka, jumla zaidi ya 40, karibu robo nzima ya mpigo. Hata awe hodari vipi, mpigaji atayumba. Bafa ya 128 inachukua chini ya 3 kuingia na chini ya 3 kutoka. Kwa hiyo wakati wa kurekodi iwe 128, au 256 kama laptop ni dhaifu. Wakati wa kuchanganya ipandishe hadi 1024. Kompyuta ikianza kutoa milio ya kukatika katika kwenye 128, funga kivinjari, zima efekti nzito kwenye traki kuu, na usipitishe saundi kadi kwenye kigawanyo cha USB (hub). Ichomeke kwenye laptop yenyewe. Tumia draiva ya ASIO ya mtengenezaji wa saundi kadi. ASIO4ALL, draiva ya jumla, ni ya asiye na nyingine.

Saundi kadi nyingi zina kitufe cha Direct Monitor, kinachomfanya mpigaji ajisikie kabla sauti haijapita kwenye kompyuta. Ni kizuri sana, ila ukikiwasha zima usikilizaji wa traki ile ndani ya programu. La sivyo utasikia vinanda viwili, kimoja nyuma ya kingine.

Kuna pia noti mbili mbili za aina nyingine. Sauti inakuwa na mzunguko kama wa feni, na ukipiga kodi kubwa baadhi ya noti zinakatika. Sababu ni kwamba kibao cha noti kinapiga sauti ya kinanda moja kwa moja, na papo hapo kinatuma MIDI kwenye kompyuta ambayo inairudisha kwenye kinanda kile kile. Kila noti inapigwa mara mbili. Ingia kwenye menyu ya kinanda, weka Local Control kwenye Off. Lakini ukimaliza irudishe On, hasa kinanda cha kanisani, maana Jumapili mpigaji atabonyeza na spika zisiseme kitu.

Wanaotaka kurekodi midundo ya kinanda chenyewe lazima wafunge tempo. Kompyuta hutuma saa ya MIDI, alama 24 kwa kila mpigo, na kinanda huwekwa External Clock. Baada ya hapo mdundo hautaanza hadi programu ianze kucheza, na ukichomoa waya bila kurudisha Internal, mdundo hautaanza kabisa. Vinanda kadhaa hupelekwa kwa fundi kwa sababu hii peke yake.

Muungurumo nao. Umeme wetu ni wa Hz 50, na ukisikia mngurumo mzito au mluzi unaobadilika kila unaposogeza mausi, kuna mzunguko wa ardhi: laptop, USB, kinanda, waya wa sauti, saundi kadi, kisha laptop tena. Chomoa chaja ya laptop. Sauti ikitulia umeshapata njia inakopita. Weka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja. Kama haitoshi, achana na waya wa USB wa kinanda na utumie waya wa MIDI wa miguu mitano, OUT ya kinanda kwenda IN ya saundi kadi. Kwenye tundu la IN maagizo hupita kwa mwanga ndani ya kijichombo kidogo, umeme wa pande mbili haugusani, na mzunguko unakatika hapo. Zile nyaya za bei ndogo zinazogeuza MIDI kuwa USB, baadhi hazina kijichombo hicho, na nyingine hudondosha maagizo yakiwa mengi. Umbali wa kinanda ukizidi mita tano au sita, kama ilivyo makanisani, tumia DI boksi, kisanduku kinachoandaa ishara ya kinanda isafiri mbali bila kelele, yenye kitufe cha kukata ardhi, na kutoka hapo waya wa XLR, ule wa maikrofoni.

Kukata mguu wa ardhi wa plagi, tunaomba uachwe kabisa. Muungurumo utaisha, ila kesho chaja ikivujisha volti 230, zitapita kwa mtu aliyeshika maikrofoni.

Kwa wauzaji ombi letu ni dogo. Kabla hujamkabidhi mteja waya wa printa, fungua kijitabu cha kinanda ukurasa wa viunganishi, umwonyeshe kama USB yake ni ya MIDI tu au na sauti. Ikiwa ni ya MIDI tu, mwambie anahitaji na saundi kadi yenye matundu mawili ya Line. Utauza zaidi, naye hatarudi analalamika.

Na kwaya zinazolipia studio zidai faili mbili za kinanda kabla ya kumaliza malipo: moja ya MIDI, na moja ya WAV ya biti 24 yenye sauti ya kinanda peke yake bila efekti, zote zikianzia mwanzo kabisa wa wimbo ili ziingie sawasawa kwenye kompyuta nyingine yoyote. Zihifadhiwe kwenye flashi ya kwaya, si kwenye laptop ya prodyuza peke yake. Andikeni na tempo ya wimbo kwenye jina la faili.

Mafundi sauti,
Sinza, Dar es Salaam