Cheti cha fundi bomba kisiishie darasani

Mhariri,

Mwezi uliopita nilimwita kijana mwenye cheti cha ufundi bomba aniunganishie simtanki. Mchoro aliusoma vizuri, ila alipounga bomba la plastiki kwa mashine ya joto alilichoma kupita kiasi, njia ya maji ikaziba kwa ndani na bombani yakawa yanadondoka kama machozi. Aliyekuja kurekebisha ni mzee wa mtaani asiye na karatasi yoyote, aliyeanza kwa kumbebea fundi wake spana.

Simlaumu kijana. Kuchoma bomba hakufundishwi ubaoni: ukilitoa mashineni mapema linavuja, ukichelewa linaziba.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina njia mbili: kusoma kwa ngazi, ya kwanza hadi ya tatu, au kurasimishiwa ujuzi ulioupata kazini, yaani kupimwa na kupewa cheti. Hii ya pili mtaani kwetu wachache wanaijua, na yule mzee anaogopa neno mtihani. Watathmini wamfuate saiti. Nao wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wasitumwe chai tu (nimewaona). Wakabidhiwe mashine, bomba la maji machafu walilaze wenyewe na mteremko waupime.

Kijana nimemwita tena wiki ijayo. Mzee atasimamia.

Mkazi wa Tabata,
Dar es Salaam