Watu wa Mombasa wameongezeka ng'ambo, si kisiwani

Mhariri,

Kila bajeti ya maji, shule au zahanati inapojadiliwa hapa Mombasa, hesabu inayotajwa ni moja: watu 1,208,333 wa sensa ya 2019. Hesabu yenyewe ni sahihi. Kosa huingia pale inapogawanywa kwa kaunti ndogo sita, kila moja ikapewa fungu sawa.

Sensa ya 2009 ilipata watu 939,370. Kwa miaka 10 wakaongezeka 268,963, yaani asilimia 28.6. Wengi hugawa hiyo kwa 10 wakasema mji unakua kwa asilimia 2.9 kwa mwaka. Sivyo; ongezeko la kila mwaka huhesabiwa juu ya watu wa awali pamoja na waliokwisha ongezeka, na kwa hesabu hiyo mwendo ni asilimia 2.5 hivi. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ukianza na watu wa 2009 ukatumia 2.9, baada ya miaka 10 utakuwa umezua watu zaidi ya 40,000 wasiokuwepo.

Je, walioongezeka wako wapi? Jomvu ilimegwa kutoka Changamwe, na Nyali kutoka Kisauni, mipaka ya maeneo bunge ilipochorwa upya 2012. Kwa hivyo jumlisha kila jozi kwanza, ndipo ulinganishe. Kisauni na Nyali zilitoka 380,055 zikafika 508,507. Likoni ilitoka 166,008 ikafika 250,358. Changamwe na Jomvu, kutoka 250,179 hadi 295,297. Mvita, yaani kisiwani, 143,128 hadi 154,171 tu.

Maana yake, katika kila watu 100 walioongezeka, 48 wako kaskazini (Kisauni na Nyali), 31 Likoni, 17 upande wa magharibi (Changamwe na Jomvu), na wanne kisiwani. Likoni imeongezeka kwa nusu nzima. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani bado iko kisiwani, na mama wa Mtongwe, huku Likoni, akishikwa na uchungu usiku anaanza kwa kuwaza feri. Huyo ndiye ninayetaka aonekane ndani ya hizi nambari.

Liko jambo jingine ambalo wapangaji wa mji hulipita haraka. Wastani wa kaya Mombasa ni watu 3.1, ilhali wa nchi nzima ni 3.9. Kaya si nyumba. Ni watu walio chini ya mkuu mmoja na wanaokula chungu kimoja. Chukua nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, kila chumba na mpangaji wake na jiko lake: hizo ni kaya sita, zenye watu 18 au 19, juu ya choo kimoja na mfereji mmoja. Anayehesabu mapaa atapima bomba la maji kwa familia moja, kisha ashangae maji hayafiki.

Sensa pia humhesabu mtu alipolala usiku wa tarehe 24 Agosti 2019. Anayelala Mtwapa na kufanya kazi bandarini yumo katika hesabu ya Kilifi. Wa Ukunda yumo ya Kwale. Mchana wako kwetu, wanatumia barabara, vyoo vya soko na maji yetu. Na wanaume hapa ni 610,257 kwa wanawake 598,046, kinyume na nchi nzima ambako wanawake ni wengi. Huo ni mji wa watu wanaokuja kutafuta kazi. Vyumba vya kupanga ndivyo wanavyohitaji kwanza.

Mpango wa maendeleo wa kaunti unaoendelea sasa unaishia 2027. Vikao vya kukusanya maoni ya mpango unaofuata vikianza, wakazi wa Likoni, Kisauni na Jomvu waje na majedwali ya sensa ya lokesheni zao mkononi, wadai vituo vya afya na mabomba kwa idadi ya watu waliopo, wala wasikubali kugawiwa kwa sita.

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa