Roboti ya kufyonza vumbi: uliza njia kabla ya nguvu

Mteja anayeingia dukani kwetu kutafuta roboti ya kufyonza vumbi huuliza kwanza kuhusu paskali, kwa kuwa ndiyo nambari iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye katoni. Nambari hiyo hupima nguvu ya kufyonza, wala hatuidharau; hata hivyo, katika nyumba ya Nairobi yenye vigae au terazo, roboti ya paskali 2,500 huzoa vumbi letu jekundu bila taabu, na nguvu zaidi huonekana faida yake hasa pale penye zulia la manyoya marefu.

Kinachozitofautisha sana ni jinsi zinavyojua njia. Za bei nafuu kabisa hujiendea tu: hugonga kiti, hugeuka, hugonga ukuta, na huweza kurudia kona moja mara tatu ilhali chini ya meza hapajaguswa. Zenye leza hupima umbali kwa mwale unaozunguka, huchora ramani ya nyumba, kisha hufagia mstari baada ya mstari, hata gizani. Zenye kamera huchora ramani pia, lakini huhitaji mwanga. Kinara cha leza, kwa upande wake, huongeza kimo, kwa hiyo pima nafasi iliyo chini ya kochi lako, ambayo inafaa izidi sentimita 10.

Tunapofungua mashine zinazoletwa kutengenezwa, mara nyingi mota haina kosa lolote. Brashi ndiyo iliyonyongwa na nywele. Nyuzi za kusukia hujizungusha humo zikakaza hadi brashi ikakataa kuzunguka. Nyumba ambamo watu husukana sebuleni inafaa kuchagua brashi ya mpira badala ya ile ya manyoya, na kuikagua kila wiki mkasi ukiwa mkononi.

Ukiletewa roboti na ndugu aliye Marekani, soma kwanza maandishi ya kituo cha kuchajia. Kilichoandikwa volti 100–240 kitafanya kazi hapa. Cha volti 120 pekee kinaweza kuungua kikichomekwa kwenye umeme wetu wa volti 240, na adapta inayobadilisha umbo la plagi haikiokoi.

Zinazopiga deki hupangusa tu. Ugali uliokaukia sakafuni bado utakungoja wewe. Na kabla ya kulipa, muulize muuzaji, awe sisi au mwingine, kama brashi na kichujio cha modeli hiyo vipo rafuni leo.