Barua kwa somo yangu, kutoka Ndanda

Ndanda, Masasi
18 Januari

Somo yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako niliipokea juzi, nikaisoma papo hapo kituoni nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma tena jikoni usiku watoto walipolala. Unasema tangu arobaini ya shemeji, mume wako, ipite unakwenda kanisani, unakaa, unasimama wenzako wanaposimama, lakini moyoni hakuna neno linalopanda kwa Mungu. Na kwamba ndugu zake wameanza kulizungumzia shamba lenu la kule Mtama kana kwamba wewe na watoto hamkuwahi kulilima. Umeniuliza kama mimi bado nina tumaini, na umeniomba nisikujibu kwa maneno ya msibani.

Maneno ya msibani nayachukia pamoja nawe. Hilo la "Mungu amempenda zaidi", likitamkwa na mtu mwenye sahani ya wali mkononi, limewafunga vinywa wengi waliokuwa na haki ya kulia. Kuhusu kushindwa kusali, fungua Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo huanza kwa kilio na kuishia katika shukrani, lakini ile huanza kwa kilio na kumalizikia gizani, bila mstari wa kutuliza mwishoni. Na bado Kanisa limeiweka katika Sala ya Usiku ya kila Ijumaa, ili ikifika siku mtu hana neno lake mwenyewe, akute limekwisha kusemwa kwa niaba yake. Kwa hiyo ukikaa kimya kanisani usidhani umetoka nje ya sala.

Sasa nikueleze yaliyotupata sisi, maana habari za moto ulizisikia nusu. Ilikuwa Septemba, tumekwisha kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, raundi zote, salfa yenyewe nyingine ya mkopo, na mikorosho imebeba kiasi kwamba mume wangu alikuwa ameanza kuhesabu magunia kwa vidole. Kuna mtu alichoma majani shambani kwake mchana wa upepo. Hadi jioni mikorosho yetu arobaini na mitatu ilikuwa imeungua, na zile korosho mbichi zilikuwa zikipasuka motoni na kurusha mafuta yake, sauti ambayo hadi leo nikiisikia mtu anapokaanga korosho uani natoka nje. Mume wangu alisema tuuze shamba tulipe deni, basi. Mimi sikusema kitu. Wiki tatu nilikuwa kama wewe. Kengele ya abasia, ile monasteri ya watawa hapa Ndanda, ikilia alfajiri najifunika shuka kichwani.

Aliyekuja wa kwanza hakutoka katika jumuiya yetu, na hilo nalisema kwa aibu kidogo. Alikuwa yule jirani yetu mzee, Mwislamu, unayemkumbuka kwa utani wake. Siku hiyo hakutania. Alipita mti hadi mti, anakwangua gome karibu na shina kwa ncha ya panga, anatazama, anasogea. Penye uhai alifunga kamba ya mkonge. Alipomaliza, kamba zilikuwa kumi na tisa. Miti ishirini na minne ilikuwa imekufa kabisa, nasi tukaikata tukachoma mkaa, na ndio mkaa uliotulisha Oktoba na Novemba. Ile kumi na tisa tuliikata tukaacha visiki, tukangoja machipukizi, kisha kwa fedha iliyobaki ya mkaa tukanunua vikonyo vya mbegu bora, yaani vijiti vya kupandikiza, akaja kijana mmoja fundi akatubebeshea juu ya machipukizi yale. Hadi leo vilivyoshika ni visiki kumi na kimoja. Sikuandikii muujiza, somo. Kumi na kimoja kati ya arobaini na tatu si hesabu ya kupigia vigelegele, na mavuno ya maana hatutayaona kabla ya miaka miwili au mitatu.

Siku ile niliyotoa fedha za vikonyo ndiyo nataka uielewe, kwa sababu sikuwa na tumaini lolote moyoni. Nilitoa tu. Baadaye, tulipokuwa tukisoma Yeremia katika jumuiya, nilifika sura ya 32 nikashindwa kuendelea. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli, nabii mwenyewe amefungwa katika ukumbi wa walinzi, na huko huko Hanameli, mtoto wa ami yake, anamjia kumuuzia shamba la Anathothi, shamba ambalo lilikuwa likielekea kuwa mali ya adui. Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anatia sahihi mbele ya mashahidi, anamkabidhi Baruku hati. Lililonishika ni mpangilio wa mambo: analipa kwanza, halafu ndipo anaomba, na katika ombi lake anamkumbusha Mungu kwamba amemwambia anunue shamba wakati mji unatiwa mikononi mwa Wakaldayo, ndio hao Wababeli. Yaani fedha imeshatoka na moyo bado unauliza. Wala hakuja kulilima shamba lile, kwa maana mwishowe alichukuliwa hadi Misri bila hiari yake.

Tangu hapo nimeacha kulitafuta tumaini kifuani mwangu kama mtu anayepapasa ufunguo gizani. Nikiamka nina mkono wa kushika jembe, nashika, na nikiwa na maswali nayapeleka kwa Mungu yakiwa mabichi. Hata utakapopita Nyangao ukija kwetu, kumbuka kwamba misheni ile ilichomwa mwaka 1905 katika Vita vya Majimaji, pamoja na ya Lukuledi, na mwaka uliofuata watawa Wabenediktini wakaanza hapa Ndanda. Sisemi wageni wale walikuwa malaika, maana waliochoma nao walikuwa na madhila yao ya kodi na ya mashamba ya pamba ya kulazimishwa, na baada ya vita njaa iliwamaliza wengi wasiohesabiwa. Nasema tu kwamba watu wa huku wameanza juu ya majivu zaidi ya mara moja.

Nirudi kwenye shamba la Mtama. Hati ya Yeremia ilikuwa nakala mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine wazi, zote zikahifadhiwa katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Wewe karatasi za shamba umeziweka wapi? Kama ziko kwenye kabati la mama mkwe, zitoe wiki hii. Usigombane na mtu. Nenda mahakamani ukafungue mirathi, uombe msimamizi wa mirathi ateuliwe, na wakikuambia mila haimpi mwanamke ardhi, waambie kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na ya mwanamume. Ukiona aibu kwenda peke yako, nitakuja Lindi tuongozane.

Ila kwanza njoo wewe, Jumamosi ya wiki ijayo kama nauli ipo, nasi tutapalilia visiki. Beba karatasi hizo, na cheti cha kifo, na jembe lako lile jepesi, kwa sababu la kwetu mpini umevunjika.

Ni mimi,
Somo yako